Matundu ya Pua ya Ndege Yetu

Jumatatu, 3 Machi

Mikono inawasha mpaka kwenye viwiko. Vumbi la faiba, zile nyuzi za kioo! Nimepiga msasa tundu la kushoto tangu asubuhi, Chiriku kalala mgongoni. Mwaka mmoja na miezi mitatu, na kelele za grenda hazimwamshi tena. Baba yake kapitisha kidole kwenye ukingo, taratibu, mara mbili. Kasema, Mama Chiriku, wewe ungenyoosha bodi za magari wengine tungefunga gereji. Nikamwambia ningeanza na kunyoosha huo mdomo wako. Kacheka kidogo.

Matundu ni mawili, huku na huku ya pangaboi, mbele ya boneti. Upepo unaingia humo, unapita juu ya injini, unabanwa ushuke katikati ya silinda, unatokea chini kwa nyuma. Basi. Ndicho kinachoipoza, haina maji kama gari. Miaka saba anaijenga ndege hii bandani nyuma ya gereji. Imebaki pua tu.

Alhamisi, 6 Machi

Kwenye kiwanja cha ndege tena. Viti ni viwili, mimi cha kulia, rula na daftari mapajani. Chiriku kabaki kwa bibi yake. Mbele yangu mrija wa mpira mweupe umekunjwa kama herufi U, ndani maji ya wino. Ncha moja iko juu ya injini, ya pili chini yake. Maji yakipanda upande mmoja, tofauti ndiyo nguvu ya upepo unaozipitia silinda. Kitabu cha injini kinataka sentimita sita. Tunakimbia njia nzima bila kuruka, nasoma.

Sita na nusu! Na matundu tumeshayabana mara tatu.

Anataka madogo kwa sababu ndege ya rafiki yake Mrefu ilikuwa na mapua makubwa kama ndoo, na bado injini ilichemka ikagoma. Mrefu yuko makaburini tangu mwaka jana. Upepo uliingia mwingi, pa kutokea hapakuwa pazuri, ukawa unarudi nje na kuikokota ndege. Hayo ni maneno ya Baba Chiriku. Lakini kila tukibana na maji hayashuki, ananitazama kama mtu aliyeoa injinia. Mimi wa darasa la saba! Najua si vizuri kujisifu. Najisifu humu tu.

Geji ya joto leo ilipanda kidogo. Kasema chini injini yoyote huchemka, angani itatulia.

Jumapili, 9 Machi

Mke wa Mrefu kapita kuchukua nguo nilizomshonea wanawe. Hakuingia bandani. Kasimama mlangoni na mfuko. Nikamwuliza anaendeleaje, akasema anaendelea, ataendaje nyuma?

Kisha bila kuulizwa: ile siku kabla ya siku yenyewe, mumewe alirudi nyumbani ananuka kitu kilichoungua. Alipomwuliza, akasema ni rangi mpya inakauka. Nikaamini, kasema. Rangi inanukaje, shoga yangu, mimi nijue wapi?

Nilimfungia nguo zake upya, ingawa zilikuwa zimefungwa vizuri.

Jumatano, 12 Machi

Boneti imepakwa rangi. Buluu! Baba Chiriku kainama kama anambusu mtoto, anatafuta vumbi.

Habari mbaya. Mwenye kiwanja kauza. Trekta linaingia Jumatatu, njia yote inalimwa. Kingine kilicho karibu ni mwendo wa siku mbili kwa lori, na lori hatuna. Mkaguzi wa ndege keshasaini kwa vipimo tulivyompa. Kwa hiyo Jumapili hii anaruka, peke yake, mara ya kwanza. Mama mkwe kasema yeye atakuja na kiti chake kabisa. Shemeji, mdogo wake, kasema ataleta kamera, na kwamba kaka yake asisahau kushuka. Wakacheka wote. Nilicheka pia.

Ijumaa, 14 Machi

Mungu wangu. Nitaandika polepole.

Asubuhi nilifungua ule mpira niuoshe, nikaujaza maji, nikautundika kwenye msumari. Chiriku kashika ncha moja, anacheza. Feni ilikuwa inazunguka. Akaielekeza ncha kwenye feni—maji yakaruka! Akaigeuza ubavu—yakashuka. Akaielekeza tena. Yakaruka. Anacheka peke yake, mimi nimekauka na kitambaa mkononi.

Maana juu ya injini, ile ncha niliifunga mimi. Kwa tepu, kupitia tundu, kwa sababu hapo ndipo mkono ulipofika. Inatazama mbele. Inatazama tundu! Upepo ulikuwa unapuliza moja kwa moja ndani ya mpira. Ndiyo maana tulibana na tukabana na maji hayakushuka. Sikuwa napima upepo unaozipitia silinda. Nilikuwa napima pumzi ya mdomoni.

Nikamfuata gereji na mtoto kiunoni. Nikamweleza. Kaosha mikono, tukamwacha mtoto kwa bibi yake, tukaenda kiwanjani. Safari hii niliigeuza ncha, nikaiweka pembeni upepo usiigonge, nikaifunga mwisho na kuitoboa ubavuni kwa sindano. Tukakimbia.

Mbili na robo.

Nikasoma mara ya pili kwa sauti. Mbili na robo. Geji ya joto, silinda ya nyuma kulia, ilipanda mpaka akazima.

Tulikaa na pangaboi limesimama. Nikasema, nisamehe, Baba Chiriku. Kasema hujaiba. Nikasema tuyapanue matundu. Kasema kingo zikikatwa zinataka faiba mpya, siku tatu kukauka vizuri, rangi siku mbili, na Jumatatu trekta. Nikasema basi isiruke.

Akanigeukia. "Mama Chiriku. Mzunguko mmoja tu. Napanda, nageuka, nashuka. Dakika tano."

Nikamwuliza Mrefu alikaa juu dakika ngapi.

Kairudisha ndege bandani. Kafungua boneti, kaiweka mezani kuing'arisha.

Jumamosi, 15 Machi

Kaondoka na pikipiki saa tatu kufuata petroli safi. Kanibusu kichwani, kambusu mtoto. Kasema mambo yatakuwa mazuri. Anaamini kweli, ndiyo shida yake. Ndiyo nilimpendea pia.

Nilimpelekea mtoto bibi yake, mama mkwe. Nikamweleza kila kitu, nikidhani atamzuia mwanawe. Kasema, mwanangu, mwanamume umvunje mkono utapona, siyo moyo. Halafu akalia. Kwa hiyo hapo pia hakuna msaada.

Nikarudi bandani. Boneti juu ya meza, buluu, inang'aa mpaka nikajiona. Nikatafuta patani ya kwanza, umbo la tundu kwenye karatasi ngumu kabla hatujabana. Nikaiweka juu ya tundu la kushoto, nikachora kwa penseli. La kulia vilevile. Sikuchora kwa hasira, nataka ijulikane hivyo japo hakuna atakayesoma. Nilipima mara tatu. Nilivaa miwani yake na kitambaa puani.

Nikawasha grenda.

La kushoto limekatika vizuri. La kulia rangi imebanduka kipande kama kiganja. Niliendelea. Kesho haliruki dude hili hata malaika washuke kulisukuma. Labda halitaruka kabisa, Jumatatu wakishalima. Nalijua hilo. Lakini matundu sasa ni ya saizi yake, kingo nimeshaanza kuzizungushia msasa ziwe laini, upepo usikwaruzike, na siku ikipatikana njia, lori, chochote, pua itakuwa tayari.

Saa sita kasoro. Vumbi la buluu limejaa kwenye daftari. Nimekaa chini, mgongo kwenye gurudumu.

Pikipiki inaingia getini. Kazima. Anamwita Chiriku—hajui yuko kwa bibi yake. Anaita tena, anamwimbia jina. Debe la petroli kaliweka chini. Viatu vyake vimefika mlangoni.

Macho yake yako kwenye boneti.