Vipande Kumi na Vinne

2 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba. U mzima huko? Mimi nipo, nusu mtu nusu gogo. Kiharusi kimechukua mguu wa kushoto, mkono wa kuandikia kimeniachia, kwa hiyo kunisikia utanisikia tu.

Binti wa mazoezi kanibandikia utepe sakafuni, vipande kumi na vinne toka kitandani hadi mlangoni, kila kipande hatua. Nimefika cha tisa! Nikitoka hapo narudi kwenye cherehani, nakanyaga mpaka jasho linanitiririka. Mzee wako hana pumziko.

Desemba ukibisha hodi, nitakuja kukufungulia kwa miguu yangu. Kaka yako anacheka. Acheke.

Baba yako

19 Mei

Baba, shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi sijambo, mgongo tu. Kutwa huku kazini nawashika wazee wa watu mikanda kiunoni, nawafundisha kutembea upya, kila hatua nawauliza kwanza. Wananiita malaika. Malaika gani, na baba yangu mgonjwa bado anakanyaga cherehani kushonea watu nguo? Nimelia, Baba. Basi nimekutumia ya umeme, unagusa tu inakwenda. Nimemwambia kaka aiondoe ile kuukuu, usijitese tena.

Mwanao

7 Agosti

Baba, shikamoo. Hii barua ya tatu hujajibu. Kaka naye, nikimuuliza, “mzee yupo,” basi. Cherehani ilifika? Umefika kipande cha ngapi?

Mwanao

30 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Cherehani ilifika, nzuri, asante.

Sikuwa nashona. Tangu niugue sijashona hata kifungo. Kule kukanyaga ndiyo yaliyokuwa mazoezi yenyewe: mguu mzima unauvuta mbovu, mbovu unakumbuka kazi. Kaka yako alipopata maneno yako, siku hiyohiyo ile ya zamani akampa mtu wa vyuma chakavu. Nilipiga kelele, akasema ni maagizo yako. Binti wa mazoezi naye akahamishwa. Cha tisa kikawa cha nne, halafu nikaanguka. Sasa ni kitanda.

Nina hasira, sikufichi. Wazee wa wenzio unawauliza kila hatua, mimi hukuniuliza hata neno moja. Na mimi mjinga, nilijidai kulalamika ili unionee huruma. Haya, huruma nimeipata.

Utepe bado uko sakafuni, nimekataza wasiubandue. Desemba ukifika usibishe hodi ukangoja. Sukuma mlango, uingie.

Baba yako