Taulo ya Shemeji

Dada yangu,

Pokea salamu za kambini. Mafunzo ya kuchua wanamichezo yanaendelea vizuri. Mwalimu sasa ananiachia wakimbiaji peke yangu, na vidole vimeota sugu. Mumeo mzima, anakula, anawaulizia watoto. Naandika kwa sababu kuta za huku ni za mbao, na ukipiga simu kila mtu anasikia.

Dada, juzi nikimchua mguu niligusa ugoko, akaruka. Msuli ukichuliwa unalegea. Pale ni mfupa, una joto na umevimba. Nikamwambia lazima kocha ajue. Akanishika mkono: "Shemeji, ukisema nimekwisha. Nichue tu nifike kwenye mbio." Kocha alipouliza, nilijibu kwamba msuli umekaza. 

Nakusihi, mwite nyumbani kabla mfupa haujavunjikia uwanjani. Mwambie mtoto anaumwa, mwambie lolote. Akijua ni mimi niliyekuambia, basi na anichukie.

Leo alikuja na taulo yake. Nilidhani ni ya kujifutia mafuta. Alipolala akaiuma kwa meno, akanionyesha kwa mkono niendelee.

Nikaendelea.

Mdogo wako