Chembe za Chumvi Kwenye Mvinyo wa Mama

Guangzhou, Jumatano, Aprili

Leo kuta za chumba changu zinatoka jasho. Ndivyo Aprili ya huku ilivyo: mvua haijanyesha, lakini hata taulo halikauki, na nguo nilizonunua soko la Shahe nimezifunga nailoni mara mbili zisije zikaota ukungu. Hata hivyo nina furaha. Niseme mapema, maana hapa huwa nalalamika tu.

Mnaonisoma mnajua nauza nguo. Sijawahi kuwaambia kwamba nyumbani Njombe mama yangu anatengeneza mvinyo.

Ana ekari moja ya zabibu nyeupe, Chardonnay, mlimani kule ambako asubuhi ukiongea mdomo unatoa moshi. Hapigi dawa za dukani. Ni samadi, majivu na mikono yake. Baridi inazichelewesha kuiva, naye husema huo uchelewaji ndio utamu wenyewe. Majirani wakionja hukunja uso na kuomba soda.

Kaka yangu Tumaini amechoka. Njombe sasa kila mtu ni parachichi, naye ameshaagiza miche. Alimwambia mama kwamba asipopatikana mnunuzi kabla mvua za mwezi huu hazijakatika, mizabibu inang'olewa. Mama hakubishana. Alinitumia chupa tatu kwa mfanyabiashara mwenzangu aliyekuja kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou, hapa Guangzhou.

Nami nikafanya ujinga. Kwa kuogopa joto, nikaisukuma chupa moja nyuma kabisa ya friji, palipoganda barafu, ikakaa siku nne. Leo mchana nikaipeleka kwa Bi Lin, mwenye mgahawa wa samaki ninamokula kila nikiwa Shahe. Alikuwa amekubali kuonja.

Akaweka mezani samaki wa mvuke mwenye tangawizi. Nikamimina. Akainua glasi kwenye mwanga, na chini yake chembechembe zikawa zinameta.

"Rafiki, buyao, buyao!" Yaani hataki. "Ndani iko vioo!"

Mama alishanieleza: mvinyo wake hauchujwi wala kutiwa dawa, kwa hiyo ukipigwa na baridi kali hutoa chumvi yake ya zabibu, na haina madhara. Nilijua, nikasahau. Na Kichina changu ni cha bei na saizi, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza kwa wateja. Chumvi ya zabibu ningeitamkaje?

Nikachukua glasi yake nikainywa yote. Zile chembe nikazitafuna mbele yake, kra kra, kisha nikaachama aone ulimi hauna damu.

Hapo ndipo nikausikia ule mvinyo. Ulianza na ukali wa limau, halafu ukatulia mdomoni, ukabaki pale. Nilisahau kama Bi Lin ananitazama.

Akacheka mpaka wateja wakageuka. Akaleta glasi nyingine, akanywa kidogo, akala samaki, akanywa tena. Nilipomwongezea, akagonga meza kwa vidole viwili, kama wanavyoshukuru huku ukiwamiminia chai.

"Mama yako iko na chupa ngapi? Mimi chukua yote."

Vibali vitatusumbua, najua. Sijali. Nimempigia mama nikiwa bado mlangoni pa mgahawa, Tumaini akiwa kando yake. Nilimsikia akiguna, kisha akasema, "Basi miche nitampa jirani." Kaka yangu si mtu mbaya, alikuwa amechoka tu.

Mama hakupiga vigelegele. Aliuliza samaki alipikwaje, nikamweleza taratibu, tangawizi na vitunguu vya majani. Halafu akauliza:

"Na wewe, mwanangu, umeuonja?"

Niungame. Miaka sita nimekuwa nikimsifia mvinyo wake. Ule wa kwanza ulikuwa siki, na tangu hapo kila chupa aliyonipa niliigawa bila kuifungua. Nimewahubiria watu kitu nisichokijua.

Nikamwambia yote, mpaka habari ya leo, kwamba ni mzuri na kwamba nimeona aibu.



"Nilijua, mwanangu," akasema. "Ndiyo maana sikuwahi kukuuliza."

Februari nakwenda kuvuna naye.