Mikono Iliyochana Sanda

Jumatano. Ukungu umegoma kuondoka mpaka karibu saa tano, na baridi ya Mbulu leo imeingia mpaka kwenye mifupa. Nimerudi hosteli, nimevua viatu, nimekaa kitandani bila hata kuchemsha chai. Sina njaa.

Leo mgonjwa amenikataa.

Vijineno vya hapa nimeshavizoea. Wenzangu wa darasa la uuguzi ni rika la binti yangu, wananiita Mama Duka, nami nacheka nao. Wagonjwa wakiona uso huu wa miaka arobaini na sita hudhani mimi ndiye sista mkubwa, wananisalimia kwa adabu zote, kisha wanashangaa kunisikia nauliza pamba zinakaa wapi. Hayo yananipita. La leo halijanipita.

Ni bibi mmoja wa Basotu. Ana sukari, na kidonda cha mguuni alicholetwa nacho kwa kuchelewa. Jana sista wa zamu ndiye aliyekisafisha, mimi nikashika beseni. Leo akaniambia nikifunge mwenyewe, yeye atasimama pembeni.

Nilimwamkia bibi shikamoo, akaitikia marahaba vizuri kabisa. Nikasafisha, hakulalamika. Ikabaki kugawa ncha ya bendeji sehemu mbili ili nipate pa kufungia. Mkasi ulikuwa kwenye toroli la upande wa pili. Sikuungoja. Nikashika ncha kwa vidole, nikachana kwa mvuto mmoja. Ikalia.

Bibi akavuta mguu wake.

"Nimekujua," akasema. "Wewe ndiye mama wa sanda, pale Katesh. Hivyo hivyo ulichana ya Idi wangu."

Ni kweli. Kabla ya chuo nilikuwa na duka la vitambaa Katesh, alilolianzisha baba mkwe wangu. Khanga, vitenge, sare za shule, na chini ya kaunta jora la bafta, kitambaa cheupe cha sanda. Baba mkwe alinifundisha miiko yake mapema: sanda haikatwi kwa mkasi, inachanwa kwa mkono. Bei yake haina mapatano. Na mteja wake akiondoka, usije ukamwambia karibu tena. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi mpaka mikono ikawa inaijua bila mimi.

Bibi alimgeukia binti yake akamwambia kwamba wamemficha, kwamba yeye ni wa kufa na mpimaji wa sanda ameshaitwa. Tangu hapo akakataa uji, akakataa sindano. Akataka arudishwe Basotu akafie kwake. Daktari alikuja, akasema bila kuzunguka: akiondoka leo, mguu ule ataupoteza. Binti akalia, lakini akaanza kufunga furushi, maana mama yake ni mama yake.

Mimi nilikwenda kusimama chooni.

Niandike ukweli, hapa si kwa mwalimu. Bibi hakukosea sana. Nikipita wodini, macho yangu bado yanapima. Namwona mtu amelala, na kabla sijamuuliza anaendeleaje, kichwani imeshakuja: huyu mita kadhaa, huyu ni mrefu. Naona aibu. Nimejaribu kuyazuia macho haya, hayasikii.

Na huyo Idi simkumbuki. Wala simkumbuki mama yake. Walipokuja dukani sikuwa nawatazama usoni, nilitazama kitambaa. Nilidhani ndiyo heshima.

Nilichokikumbuka ni neno. Kila aliyenunua bafta alilisema akiwa ameegemea kaunta, awe Muislamu au Mkristo, awe wa mjini au ametoka mashambani: "Tungewahi." Tungewahi gari. Tungewahi hospitali. Siku moja mama mmoja alilisema huku nachana ya binti yake aliyekufa kwa uzazi, nikashindwa kumaliza kuchana. Mwaka uliofuata nilimwachia mdogo wangu duka, nikatoa cheti changu cha kidato cha nne sandukuni. Ndugu wakasema nimechanganyikiwa. Labda.

Mchana nikarudi kwenye kile kitanda. Sikuwa nimetumwa na mtu.

Nikamwamkia tena. Hakuitikia. Anayejua mila zetu anajua uzito wa mzee kuikalia kimya shikamoo. Nikachuchumaa hata hivyo, nikamwambia ndiyo, ni mimi. Nikamwambia duka nimeliacha, na nikampa pole ya Idi, pole ambayo siku ile sikumpa.

Kisha akauliza, "Umenipima?"

Ningeweza kusema hapana. Sista alikuwa nyuma yangu, na jibu zuri lilikuwa ni hapana.

"Nilikupima, bibi," nikasema. "Macho yana mazoea yao. Ila leo nimeupima na mguu wako. Jana kidonda kilikuwa kinanuka mpaka mlangoni. Leo nimeinama juu yake, hakinuki. Dukani hakuna aliyewahi kuja kwangu kwa ajili ya mtu ambaye bado anapumua. Nimekuja huku niwahi. Nawe nimekuwahi."

Machozi yalinitoka, na tumefundishwa yasitoke. Bibi akanitazama sana, usoni, kama ambavyo mimi sikumtazama dukani. Kisha akamwambia binti yake, "Fungua hilo furushi. Bakuli langu la uji liko wapi?"

Akakubali sindano kwa sista. Mimi hakunigusa wala sikumgusa.

Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita. "We mama." Nikageuka.

"Kesho uje na mkasi."

Sijui kama macho haya yataacha kupima. Sijui kama nitakuwa muuguzi mzuri au mwenye duka aliyevaa sare. Sista hajasema neno, na labda kesho nitaitwa ofisini kwa jibu nililotoa.

Mkasi nimeshautia mfukoni mwa sare. Nimeugusa tena sasa hivi, upo.