Ngombe za Norvège

Maman wangu,

Huku kaskazini ya Norvège, kule Ulaya, baridi inaingia mpaka mu meno, lakini nacheka tu! Tonton Fidèle, kaka yako, alikodi gari ya sport nyekundu, iko chini sana, sawa vile tunakaa ku lami. Tulipanda milima bila kuona hata nyumba moja.

Ghafla renne, wanyama wenye pembe kama matawi, wakajaa mu barabara. Tonton akapiga klaksoni, bure. Njo Tonton akashuka, na kravati yake, akapiga na mudomo ile muluzi alikuwa anaitia ngombe za baba yenu kule mu kijiji, Nyantende. Wote wakamufuata pembeni!

Aliporudi, hakuwasha moteur. Akaniuliza: «Ngombe za baba ziko bado kule?»

Maman, unasemaka kaka yako alisahau kwetu. Umutayarishie chumba.

Nakukumbatia kwa nguvu,
Neema