Maranda ya Kuku Wazee

Mama yangu,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini mkono wangu umekataa kuanza bila salamu. Uliondoka kabla ya vuli, sasa masika yamekwisha, nami nimekaa mlangoni mwa banda lako hapa Pongwe, nikiwatazama kuku ambao kesho lazima wauawe wote.

Unakumbuka vifaranga wapya walipokuwa wakifika kwenye maboksi? Majirani walikimbilia duka la dawa za mifugo. Wewe ulikwenda nyuma, kwa kuku wako wazee, ukakwangua maranda waliyolalia, yenye vinyesi vyao, ukayanyunyiza chini ya vifaranga. Mimi, binti wa shule, niliona haya. "Mama, unawalisha uchafu!" Ukacheka hadi mtandio ukadondoka. "Wee mwana, hebu n'ache. Waache wachakure kwa bibi zao kwanza." Kisha siki ya mnazi kidogo kwenye maji, kitunguu saumu kwenye pumba, basi. Dawa ya dukani ilikuwa ya kuku mgonjwa, tena mpaka bwana mifugo aseme. Watu walitoka mjini kufuata mayai yako, na kichwa kilikuvimba, usikatae.

Arobaini yako ilijaa. Walikuja hadi wa Pangani. Baba mdogo akawatazama wale kuku wazee, akasema, "Hawa hawatagi, wanakula bure. Chinjeni, wageni wale." Nani angebisha? Wageni wa marehemu kwetu hawaondoki na njaa. Wakachinjwa wote. Maranda yakachomwa, banda likaoshwa kwa dawa na kupakwa chokaa, watu wasije wakasema uliishi ovyo. Lilipendeza, mama. Nililia kwa jinsi lilivyopendeza.

Nikaleta vifaranga wengine. Siki niliweka, kitunguu saumu niliweka. Wakakua, wakataga, nikajiona nimekuwa wewe. Halafu waliokula mayai yetu wakaanza kuharisha. Mtoto wa Bi Mwanakombo, jirani yetu, akalazwa. Amerudi, lakini amebaki mifupa, na mama yake akiniona huvuka upande wa pili wa njia. Simlaumu.

Vipimo vya kuku vilionyesha salmonela, vijidudu vya kuharisha. Bwana mifugo akatoa dawa, haikufaa, akabadilisha, haikufaa, akaamuru wauawe wote. "Mtaa huu kila banda linatia dawa kwenye maji, kuku awe mzima awe mgonjwa," akasema. "Vijidudu vimekwisha kuizoea." Nikamsimulia maranda yako. Akaniambia kwamba hata chuoni walifundishwa jambo hilo: vijidudu vyema vya kuku mwenye afya vikiwahi kujaa kwenye tumbo la kifaranga, vibaya hukosa pa kukaa.

"Hao kuku wa mama yako wako wapi?"

"Tuliwala," nikamjibu.

Nikaona basi nianze upya, nitafute uzao wa kuku wako. Nikaenda Kigombe kwa shangazi, uliyempa matetea mwaka ule. Alinipokea kwa furaha, akanipeleka uani. Wapo, mama, wana rangi zile zile. Lakini maji yao yalikuwa ya njano kwa dawa. "Kila siku nawapa, wasije wakaugua," alisema. "Ndio ukumbusho wangu wa wifi yangu." Dawa ile ilikuwa imeua hata vile vijidudu vyema. Nilikunywa chai yake, nikarudi.

Nimechoka. Watu hunipa pole kana kwamba nimepoteza kuku tu. Nimekupoteza wewe mara ya pili, na safari hii hata matanga hakuna. Ulichokijenga kwa miaka yote ile tulikipakua kwenye sinia, tukakila kwa heshima zote, na sijui kama kuna mahali kitapatikana tena. Nikikuombea dua nashindwa kuendelea, maana kila neno linageuka swali.

Leo asubuhi Mwajuma, yule uliyemkanda alipojifungua mtoto wake wa kwanza, amejifungua tena. Akatuma mtu na kikapu: anaomba mayai ya mzazi, kama ulivyokuwa ukimpelekea. Nikasema hatuna. Yalikuwepo, mama, nyuma yangu, bado yana joto. Yule mtu alipoondoka nilichukua jembe, nikayafukia.

Lala salama, mama.

Kitindamimba wako