Uyoga si Mboga

Mpendwa mama,

Shikamoo. Pokea hii ya kwenye karatasi, maana kwenye simu unaitikia "marahaba, mimi mzima," halafu unakata kabla sijasema kitu. Mguu unaendeleaje? Viazi umeshavuna huko Ibaba, au mvua bado inakusumbua? Mimi mwili mzima. Moyo ndio uliokuwa na shida, na ndiyo maana nimekaa chini kukuandikia.

Ndalambo si pabaya, ila pana wenyewe. Jioni kina mama wanakaa vibarazani wanaongea Kinamwanga. Nikipita wanageuza Kiswahili, "Mwalimu, za jioni," nikishapita wanarudi kwenye lugha yao na vicheko vyao. Kindali changu naongea na sufuria. Tangu nihamie hapa aliyekuwa anabisha hodi kwangu ni mmoja tu, jirani yangu Mama Neema, ambaye mwanawe namfundisha darasa la sita. Kila Jumamosi alikuwa ananiletea bakuli la uyoga mkavu aliouunga kwa karanga. Anasimama mlangoni, anasema, "Mboga hii, mwalimu, usilale njaa," anaondoka. Maneno hayo tu, lakini nilikuwa nayasubiri wiki nzima.

Sasa sikia nilivyojiharibia. Nilikuwa nafundisha himaya tano za viumbe hai, na unajua mimi nikianza sinyamazi. Nikawaeleza bakteria, mwili wake seli moja na hata kiini kamili hana. Protista kama amiba, wengi wao nao ni wa seli moja na wanapenda majimaji, ila kiini chao kimekamilika. Fangasi, wasioweza kujitengenezea chakula, wananyonya kwenye vilivyokufa. Mimea, yenye umbijani wa kujipikia chakula kwa jua. Na wanyama, ndio sisi, tunaokula vya wenzetu. Nikaagiza kesho yake kila mtoto alete kiumbe kimoja akiweke kwenye himaya yake. Neema akaleta uyoga, akauweka kwenye mimea, pembeni ya mchicha. Namuuliza kwa nini, anajibu, "Kwa sababu ni mboga, mwalimu."

Mama, unaujua mdomo wangu. Nikasema mbele ya darasa zima, "Uyoga si mboga! Unanyonya kwenye vitu vilivyooza. Toa hapo!" Darasa likacheka. Mimi nilimaanisha si mmea. Mtoto akaenda nyumbani na alichokisikia.

Jumamosi bakuli halikuja. Ya pili, kimya. Ya tatu nikakutana na Mama Neema bombani, akaniitikia kama anaitikia mgeni wa serikali. Ikabidi nimuulize mtoto. Akaangalia miguu yake, akasema, "Mama anasema mwalimu tusimsumbue tena na vitu vilivyooza."

Jamani! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Wiki tatu nzima nilikuwa natoka shule, nafunga mlango, nasikia vicheko vya barazani na kuhisi vyote ni vyangu. Nikaanza hata kuandika barua ya kuomba uhamisho. Nikajiuliza sababu nitaandika nini, uyoga? Nikaichana.

Jana baada ya ibada nikaenda kwake bila kuitwa. Nilimkuta anasonga ugali, hakuniambia kaa. Nikasema nikiwa nimesimama, "Mama Neema, nimekosa. Darasani niliposikia mboga niliwaza mmea. Jikoni mboga ni chochote cha kulia ugali, hata dagaa. Nilisema la darasani, likakufikia la jikoni. Chakula chako nakipenda. Na upweke umenishinda."

Akanitazama, mwiko mkononi. "Kwa hiyo uyoga ni nini?"

"Ni fangasi. Una himaya yake. Si mmea, si mnyama."

"Maskini," akasema, "kama wewe hapa kwetu." Akacheka mpaka ugali ukataka kuungua.

Basi nikakaribishwa mkekani. Tulikula sahani moja, yeye, Neema na mimi. Miezi yote hii nilikuwa sijala na mtu. Mama, machozi yakanitoka waziwazi mbele ya mwanafunzi wangu. Mama Neema, ili anitulize, akaanza kuniuliza habari zako, unalima nini, unasali wapi, nikawa najibu vizuri tu. Kisha akauliza, "Na yeye huko anakula na nani?"

Tangu baba atutoke na mimi nikapangiwa huku, nimekuwa nikililia upweke wangu tu, wako sijawahi kuuliza hata siku moja. Nisamehe.

Nisalimie shangazi, dada yake baba, na mjomba fundi cherehani. Mama mchungaji mwambie kwaya ya huku naimba sauti ya pili.

Barua hii anakuja nayo mwalimu mwenzangu, kwao ni Isongole, atakaa siku mbili ndipo arudi. Tafadhali mpe jibu, hata mistari miwili. Niambie kweli, mama, jioni unakula na nani?

Ni mimi mwanao,
Subilaga